Mvumo Kwenye Kanda ya Bi Mwanamvua

Mwezi uliopita nilialikwa Ilala kwenye kumtoa mwali. Aliyenialika ni Zuhura, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa mwali yeye mwenyewe, kajifunika kanga mbili gubigubi, hata kucha huzioni. Sasa ni mama mtu mzima, ana mwili na meno mawili ya dhahabu, na yeye ndiye somo anayewafunda watoto wa wenzake. Tulikumbatiana mpaka mtandio ukanidondoka. Wanaume walipotolewa uani na mlango ukafungwa, akaanzisha wimbo wa kwanza na wasichana wakapokea. Maneno ya wimbo sitayaandika hapa, na anayeyajua hana haja ya kuandikiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba wimbo ulipokwisha, kabla ya kuingia wa pili, wote walifunga midomo wakavuma puani, mvumo mwembamba wa sauti moja, haupandi wala haushuki, kwa muda wa kutosha mtu kusema maneno ishirini. Halafu ndipo wakaendelea. Na wa pili ulipokwisha, wakavuma tena. Nikamnong'oneza mama aliyekaa ubavuni kwangu, "Mbona wanavuma hivyo?" Akanitazama kama mgeni aliyeshuka stendi asubuhi ile. "Ndivyo alivyoimba bibi yake Zuhura, mwenzangu. Iko kwenye CD, kasikilize mwenyewe." Bibi yake Zuhura hakuwahi kuvuma hivyo hata siku moja. Ule mvumo uliingia kwa mkono wangu mimi, katika chumba cha nyuma cha duka moja Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu na kiburi cha kuwatosha wanawake kumi.

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani nayaacha, hayana la kusaidia hapa. Nianze na duka. Ruksa ya kuingiza na kuuza vitu vya nje ilikuwa imeshazoeleka wakati huo. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa waliofika nje sasa vilimwagwa barazani, pasi, saa, tivii, wanasesere wanaolia ukiwabonyeza tumbo. Kila aliyepata nauli alikwenda Dubai akarudi na mabegi ya kuvutwa na watu wawili, na stesheni za redio za watu binafsi zilikuwa zinazaliwa kila kukicha. Duka letu lilikuwa la Mzee Kantilal, ambaye Kariakoo nzima ilimwita Kanti Bhai. Alikuwa akiuza kanda na kutengeneza redio tangu enzi za kupanga foleni ya sukari. Mwaka ule alinunua kompyuta iliyotumika na kiboksi kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho upande mmoja kilichomekwa kwenye redio-kaseti na upande wa pili kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Sauti ilitoka kwenye kanda, ikapita kwenye kiboksi, ikaingia kwenye kompyuta, nasi tukaichoma kwenye CD. Nje tukabandika bango: TUNASAFISHA KANDA KUUKUU KWA KOMPYUTA. Kanti Bhai alinipeleka kozi ya wiki mbili karibu na Mnazi Mmoja, nikarudi profesa. Nilikuwa nakigusa kile kipanya kwa vidole viwili, kidole cha mwisho nimekiinua juu. Nikikumbuka najionea haya.

Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa changu. Kuta zote tulizibandika trei za mayai ili kelele za mtaani zipungue, na Kanti Bhai, ambaye hakula yai maisha yake yote, alisimama siku nzima kuuliza, "Zimeoshwa hizi? Hakika zimeoshwa?" Dukani kwake nyama haikuingia, wala samaki, wala mtu aliyetoka kula nyama bila kusukutua. Mchana mkewe alituletea chakula kwenye vyombo vya bati vilivyopangana ghorofa nne, dengu, wali, kachumbari na chapati laini zenye samli, nasi tulikula juu ya gazeti tukiwasikiliza wateja waliosimama mbele. Kupitia ukuta ule niliijua Dar es Salaam yote, nani kaachwa, nani kontena lake limekwama bandarini, nani anataka nyimbo za mapenzi za kumtumia mtu Muscat. Aliyekuwa hashibi dengu ni fundi wetu, Fundi Hamisi. Alikwenda kunywa supu ya makongoro kona ya pili, akasukutua maji kombe zima, akarudi kakenua meno kumwonyesha tajiri. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa na likizo. "Nyinyi Wazaramo," alikuwa akisema, "hata mtu akitwanga mpunga mnatoka kucheza." Namjibu kwamba kwao wanatembea kwa miguu mpaka pwani kuja kuona bahari, wakifika wanaiogopa. Lakini mkono wake kwenye redio ulikuwa hauna mfano. Alikuwa analaza sikio juu ya spika, anafumba macho, anasema, "Kapasita hii, ya tatu kutoka kushoto." Unafungua, kweli ni hiyo.

Siku moja akaingia mwanamke wa makamo, kavaa kitenge cha kazini na miwani, ncha ya kanga yake imefungwa fundo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwenye mashine ya kusafisha kanda?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mwenyewe? Siyo hawa wanaume?"

"Mimi mwenyewe."

Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya karafuu kinywani. "Umechezwa unyago?"

"Nimechezwa, mama."

"Wapi? Somo wako nani?" Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa, akalifungua lile fundo, ikatoka kanda ya dakika sitini, karatasi yake imefifia mpaka haisomeki. "Basi tutaelewana," akasema, na akaketi kwenye stuli yangu bila kukaribishwa.

Huyo ndiye Mama Zuhura. Mama yake alikuwa Bi Mwanamvua, somo aliyejulikana kuanzia Ilala mpaka Buguruni, mwanamke ambaye ukisema umechezwa na yeye wenzako wanakupisha kwenye jamvi. Kiharusi kilikuwa kimempiga, kimechukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Neno alilobaki nalo lilikuwa "ee". Zamani, alipoona binti yake yuko ofisini anapiga taipu na hana habari na ngoma, alijifungia chumbani mchana mmoja na redio ya kuazima, akaziimba nyimbo zake zote peke yake. Na kila wimbo ulipokwisha, alisogeza mdomo akanong'ona maana yake, kwa sababu nyimbo hizi ni mafumbo, na fumbo lisilofumbuliwa halimfundi mtu. "Nilikuwa namwambia, mama, nyimbo zipo tu, nitajifunza," Mama Zuhura alisema. "Sasa nazitaka, na yeye hasemi. Nyimbo mbili tatu nazikumbuka. Maana yake siijui hata moja." Zuhura alikuwa ndani, mwali, na alitakiwa kutoka Shaabani hiyohiyo kabla ya mfungo. Kanda ilikuwa imekaa miaka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, chini ya bati, na ukiigusa ilikuachia unga wa kahawia kidoleni. Nyumbani hawakuthubutu kuipiga kwa sababu redio yao ilikuwa inatafuna. "Sharti langu ni moja," akasema. "Asisikie mwanamume. Hata mtoto wa kiume. Ukikubali, umekubali." Nikaweka mkono juu ya kanda nikakubali. Sijawahi kukubali kitu kwa furaha kama ile.

Fundi Hamisi aliiona kwa mbali, ikiwa mkononi mwangu, akapiga mluzi. "Mtani, kanda hiyo ina safari mbili, tatu, basi, inabaki plastiki. Kwanza ihamishie kwenye kanda nyingine, ndipo uhangaike na kompyuta lako." Nikamwambia kanda kwa kanda ni mambo ya kizamani. "Kompyuta haikosei," nilisema. Nilisema hivyo hasa, kwa maneno hayo, na kidole kile cha mwisho kiko juu.

Kupata wakati asipokuwepo mwanamume dukani Kariakoo si kazi ndogo. Nilitafuta, nikaona saa moja tu katika wiki nzima. Ijumaa mchana Fundi Hamisi na vijana wa maduka ya jirani walikwenda msikitini, Kanti Bhai alikwenda kwake Kisutu kula na kujinyoosha, na mlango wa mbele tuliushusha nusu. Hesabu ya Shaabani iliniachia Ijumaa nne. Ile ya kwanza niliingia chumbani, nikafunga kitasa, nikachomeka redio-kaseti ukutani, nikaunganisha kiboksi. Sauti niliizima kabisa, kwa kuwa ukuta wa trei za mayai hauzuii kila kitu na nje kulikuwa na wachukuzi waliopumzika juu ya mikokoteni. Nikaiacha kanda ianze kutembea kwanza, ndipo nikabonyeza kurekodi, ndivyo tulivyofundishwa kozini ili tusijaze diski bure. Nikakaa kutazama mistari ya kijani ikicheza kwenye kioo. Ilikuwa inapanda na kushuka kwa madaha, na nilijisikia kama mkunga. Kanda ilipofika mwisho wa upande ule mmoja uliorekodiwa, nikavaa hedifoni, nikasikiliza kilichoingia.

Sauti yake jamani! Ilikuwa nzito chini na juu inakwaruza kidogo, sauti ya mtu ambaye hamwogopi mtu. Niliinama kwa adabu pale kwenye stuli, peke yangu. Wimbo ukaisha. Nikasikia amesogea, nikasikia pumzi yake, kisha badala ya mnong'ono ukaja mvumo, mwembamba, mkali, umekaa juu ya maneno. Nilijua anasema. Anachosema sikukipata. Niliongeza sauti, mvumo nao ukaongezeka. Nikapeleka mbele kwenye wimbo wa pili, wa tatu, wa nne, kila alipoimba mvumo ulijificha chini ya sauti yake, kila aliponong'ona ukajitokeza. Nikasikia watu wanarudi kutoka msikitini, nikaitoa kanda nikaificha mkobani.

Leo nikieleza haya kwa vijana wananicheka, na wana haki. Wakati ule kile kiboksi tulikuwa tumekipitishia muziki wa dansi, mchiriku na mipasho, na muziki wa namna hiyo unafunika kila kitu, hata mtu akipiga chafya studio husikii. Hakuna aliyekuwa amekipitishia bibi mmoja anayenong'ona. Kwa hiyo niliamini kwamba mvumo ule uko kwenye kanda. Nilikuwa na mashine mpya na kanda kuukuu, ungeniuliza nani mkosaji ningejibu nini?

Kesho yake nikamwendea fundi. "Inavuma," nikamwambia.

"Inavuma vipi? Kama maji? Kama nyuki? Kama Mzaramo aliyeshiba ubwabwa?"

Nikajaribu kuiga kwa pua. Akacheka mpaka akashika meza, nami nikakasirika, akaona nimekasirika kweli. "Haya, yaishe. Hedi chafu hiyo, pale redio inapogusana na kanda. Spiriti na pamba. Lakini nipe nisikie sekunde kumi tu, nikujibu kwa uhakika."

"Haiwezekani. Mambo ya kike."

"Basi nisikilizishe mahali pasipo na wimbo."

"Hapapo. Wimbo ukiisha ananong'ona, na huko kunong'ona ndiko kwenye siri zaidi."

Akaacha kucheka. "Mtani, mimi fundi wa sauti. Fundi wa sauti asiposikia ni sawa na kinyozi aliyefungwa macho. Nitakukata sikio." Nikachukua spiriti na pamba nikaondoka. Ijumaa ya pili nilisafisha hedi mpaka inang'aa, nikarekodi upya. Mvumo ulikuwa uleule, na pamba ya kufutia baadaye ilitoka kahawia kama machicha ya kahawa. Unga ule ndio ulikuwa sauti yenyewe. Nilijua hivyo, fundi alikuwa ameniambia, na nilikunja ile pamba kwenye karatasi nikaiweka mkobani kwa sababu sikuthubutu kuitupa.

Ijumaa ya tatu umeme ulikatika adhana ikiwa inamalizikia. Duka la jirani waliwasha jenereta na friji zao zikaanza kunguruma, sisi hatukuwa nayo. Nilikaa gizani saa nzima, nimeishika kanda kwa mikono miwili ili isipate vumbi, nikisikia nje muuza miwa anagombana na mtu juu ya muwa uliodondoka. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Zuhura. Nikamweleza yote, hedi, spiriti, mvumo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama aliziimba kwa siri, mwanangu. Pengine zinakataa kutoka." Hakusema kwa kunitisha, alisema kwa kuchoka. Na mimi, profesa wa kompyuta, nikaamini. Niliamini nusu siku ile, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeamini yote. Ijumaa ya nne nilikuja nimeoga, nimetawadha, nimefukiza ubani kidogo pembeni ya kompyuta, na viatu nimeviacha nje ya chumba. Waya sikuugusa. Ubani nilifukiza, waya sikuugusa.

Kabla ya kwenda msikitini siku ile, Fundi Hamisi alisimama mlangoni na kanzu yake na kofia. "Tumu," akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Leo bila utani. Nifungulie kidogo tu. Nitageukia ukutani. Mungu anaijua nia yangu." Hedifoni zilikuwa mkononi mwangu. Nilizinyoosha kidogo kuelekea kwake, wallahi nilizinyoosha. Halafu nikaukumbuka mkono wangu nilipouweka juu ya kanda mbele ya Mama Zuhura, nikazirudisha. "Nenda, hutuba itakupita," nikamwambia. Akaenda. Nikaiweka kanda, ikatembea, mistari ya kijani ikainuka mara mbili tatu, ikalegea, ikalala. Nilidhani waya umechomoka. Nikaitoa kanda nikaivuta kidogo kwa kalamu na kuiinua mbele ya taa. Niliviona vidole vyangu upande wa pili. Unga wote ulikuwa umeshuka, imebaki plastiki, kama alivyosema. Nilichobaki nacho kilikuwa kile nilichokirekodi Ijumaa ya kwanza, nyimbo zote kamili, na mvumo juu ya kila mnong'ono.

Jumamosi asubuhi Kanti Bhai akaja na kanda yake mwenyewe. Ilikuwa ya marehemu baba yake akisoma sala zao, sauti ya mzee aliyekaa mbali na maikrofoni, na alitaka CD za kuwapelekea kaka zake waliohamia nje. Fundi Hamisi alikaa kwenye stuli yangu kwa sababu mimi sikutaka kuigusa tena ile mashine. Akarekodi kidogo, akafungulia spika. Mzee anasoma, ananyamaza kuvuta pumzi, na palepale aliponyamaza ukatokea. Mvumo wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya chapati, na nikaushika mlango. Fundi akainamisha kichwa. Akaisimamisha kanda, mvumo ukaendelea. Akasukuma kipanya kidogo, mvumo ukakwaruza. Akakisukuma tena, ukakwaruza tena, akacheka, "Ah! Siyo kanda hii, ni huu waya wa USB! Umeme wa kompyuta unapita humu unazunguka mpaka kwenye redio, unarudi kupitia plagi ya ukutani." Akachomoa redio-kaseti ukutani. Akafungua mgongo wake, akatia mawe sita ya redio, betri za kawaida kabisa zinazouzwa kila kibanda. Akafungulia. Kimya. Akabonyeza kanda, na mzee akasoma katika kimya hicho, hata kumeza mate kwake ukakusikia. Haikufika dakika kumi. Kanti Bhai alitoa leso akajifuta macho, akaagiza ladu za sukari kwa jirani, akatugawia kwa mkono wake, na mimi akanitilia mbili. "Kula, Tumu. Leo baba yangu amerudi dukani." Nikala. Ilikuwa tamu kweli.

Nilitoka uchochoroni nyuma ya duka, kwenye maboksi matupu. Fundi akanifuata. "Ndio huu?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Hakutania. Alisimama anakuna kidevu. "Ungewasha kurekodi bila kanda, Tumu. Bila kanda kabisa. Ungenipa kelele tupu, isiyo na mtu."

"Ningewasha bila kanda," nikasema.

"Lete tujaribu na mawe." Nikamwonyesha kanda. Akaiinua juani, akaona anga upande wa pili, akanirudishia. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimefanya kazi nzuri na mbaya, nimezika watu, naye fundi nilishamzika kwa kusikia tu, kwa simu kutoka Tabora. Sijui kama kuna siku nimeona kitu kidogo kikishinda kitu kikubwa kama siku ile. Sikuvunja mwiko wa mtu. Nilishika neno langu toka mwanzo hadi mwisho. Na maneno ya Bi Mwanamvua yalipotelea mikononi mwangu nikiwa nimelishika.

Jumapili nikaenda Ilala na CD. Walinipokea kama mkwe. Nilitengewa wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikalazimishwa kula kwanza, mtoto wa kiume aliyekuwa anacheza ukumbini akatumwa dukani asirudi mpaka aitwe. Bi Mwanamvua aliegeshwa kwa mito kitandani, kavikwa kanga mpya, kapakwa wanja kwenye macho yote mawili ingawa moja lilikuwa halifumbi vizuri. Zuhura alivushwa mbele yangu kajifunika kanga mbili gubigubi, akawekwa nyuma ya pazia, nasikia bangili zake tu. Mama Zuhura akabonyeza. Sauti ikajaa chumbani na yule bibi akaisikia, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki, na kidole chake kizima kikaanza kupiga ngoma juu ya shuka. Nyuma ya pazia bangili zikapokea. Kwa muda wa wimbo ule mmoja nilidhani nimesalimika.

Wimbo ukaisha, ukaja mvumo. Bi Mwanamvua aligeuza sikio. Akainua mkono mzima, kiganja juu, ongezeni. Mama Zuhura akaongeza, na mvumo ukaongezeka. Akaashiria tena, akaongeza tena, mpaka kile chumba kikawa hakina kitu kingine. Tukapita wimbo wa pili, wa tatu, kila mwisho wa wimbo bibi ananyanyua mkono, na kila mara anaushusha taratibu zaidi. Kisha akanitazama mimi. Mama Zuhura akazima. "Mwanangu," akasema, "huo mlio ni wa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo lote, waya, kompyuta, mawe sita ya redio, fundi niliyemkatalia, ubani niliofukiza. Nikafungua mdomo. "Kanda ilikuwa imeshachakaa, mama," nikasema. "Joto la bati. Iliwekwa pabaya."

Bi Mwanamvua alifumba lile jicho lililokuwa linafumba, na lile jingine likabaki wazi linatoka machozi yaliyochanganyika na wanja. Akaunyanyua mkono wake mzima, akajipiga kifuani. "Ee," akasema. Akajipiga tena. "Ee. Ee." Mama Zuhura akaushika ule mkono, lakini bibi aliuvuta akautoa, akaunyoosha kwangu, akanishika kiganja kwa nguvu ambayo sikutegemea.

"Anasema ni kosa lake," Mama Zuhura akanieleza. "Yeye ndiye aliyeiweka pale juu. Anakuomba radhi kwa kukusumbua."

Wote walikuwa wananisubiri, na bangili nyuma ya pazia zilikuwa zimenyamaza. Nikainama, nikambusu mkono, nikamwambia nimemsamehe.